Kadi ya mboga, boksi la mboga au milo iliyopikwa: kipi kimfae veterani mgonjwa nyumbani kwako?

Kwa miaka mingi veterani mwenye kisukari alitoka kliniki na dawa pamoja na karatasi ya ushauri: punguza wanga, ongeza mboga, acha soda. Mboga zenyewe atazitoa wapi, hilo lilikuwa lake. Siku hizi baadhi ya hospitali za VA, Idara ya Maveterani ya Marekani, zinamwelekeza pia mahali pa kukipata chakula chenyewe, kwa hoja kwamba chakula ni sehemu ya matibabu. Tangu 2017 VA imekuwa ikiwauliza wagonjwa wake kliniki kama kuna wakati chakula kiliisha nyumbani na hawakuwa na pesa ya kununua kingine. Mwaka 2023 ikatangaza ushirikiano na Rockefeller Foundation, shirika la hisani la Marekani, kujaribu kuwaandikia maveterani matunda na mboga kama wanavyoandikiwa vidonge, Salt Lake City na Houston zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo.

Nawaandikia hasa wasemaji wenzangu wa Kiswahili walioko Marekani: mliofunga ndoa na maveterani, mlio na kaka au dada aliyevaa sare za jeshi la huko, na ninyi mnaofanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani, ambao mara nyingi ndio mnaoijua friji ya mzee kuliko watoto wake. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne wa VA ana kisukari. Kwa hiyo swali la kadi, boksi au milo litawafikia wengi wenu, na likifika, jibu la haraka huwa "tupeni kadi". Naomba msilijibu haraka hivyo. Kabla ya kuuliza chakula gani kina afya zaidi, ulizeni nani atakipika.

Kipi ni kipi

Kadi ya mboga na matunda hufanana na kadi ya benki. Kila mwezi huwekewa kiasi fulani, na dukani hukubali matunda na mboga tu: mara nyingi mbichi, pengine na za kugandishwa au za kopo zisizotiwa chumvi wala sukari. Unga hainunui, nyama hainunui, mafuta hainunui. Huandikwa kliniki kwa mtu mwenye ugonjwa unaohusiana na chakula, kama kisukari, presha au uzito uliozidi, tena kwa muda maalumu.

Boksi ni mboga zilizochaguliwa na watu wengine, ambazo huletwa mlangoni au huchukuliwa kituoni. Linafanana na chakula cha msaada kinachotolewa na maghala ya jamii. Hospitali kadhaa za VA zina maghala ya aina hiyo kwa ushirikiano na Feeding America, mtandao wa maghala ya chakula cha msaada nchini humo, ulioanza kufanya kazi hiyo na VA miaka ya 2010.

Milo ya tiba ni chakula kilichokwisha kupikwa kulingana na ugonjwa wa mtu, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa lishe. Mwenye figo hapewi sahani ya mwenye kisukari. Kazi hii haikuanzia kwa wanajeshi. God's Love We Deliver ilianza New York mwaka 1985 kwa kuwapelekea chakula wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wamedhoofu hata wasiweze kusimama jikoni, kisha MANNA ya Philadelphia na Community Servings ya Boston zikafuata mwaka 1990. Asili hiyo inafaa kukumbukwa, maana inaonyesha milo hii ilikusudiwa nani: mtu ambaye mwili umemkatalia kupika.

Hapa wengi huchanganya. Meals on Wheels, huduma ya kuwapelekea wazee milo nyumbani, si milo ya tiba. Ni huduma nzuri, inasaidiwa na fedha za sheria ya wazee ya mwaka 1965, na kwa kawaida ni ya wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Haiangalii kipato, na mchango ni wa hiari. Lakini mlo wake umepangwa kwa mzee wa kawaida. Baadhi ya vituo vina chaguo la chumvi kidogo au la kisukari, ila usidhani sahani hiyo imepimwa potasiamu kwa ajili ya mtu anayesafishwa damu. Uliza.

La nne ni darasa la mapishi, ambalo watu hulipuuza kwa sababu halileti chakula mlangoni. VA ina programu ya kufundisha upishi wa afya, ana kwa ana na kwa video, inayoendeshwa na wataalamu wa lishe. Iko pia MOVE!, programu ya VA ya kupunguza uzito. Ukishaandikishwa kwenye huduma ya afya ya VA, haya hayategemei fedha za majaribio.

Nani atapika?

Mchukue mzee wa miaka 77 aliyepigana Vietnam, anaishi peke yake, goti limekwisha, macho yameathiriwa na sukari. Mpe kadi. Atakwenda dukani, akiweza, atanunua ndizi na matofaa kwa sababu hayahitaji kisu wala moto, na brokoli itamwozea kwenye friji. Kadi itaonekana imetumika na ripoti itapendeza, na chakula chake cha jioni kitaendelea kuwa supu ya kopo iliyojaa chumvi. Mzee huyu anahitaji milo iliyopikwa, au mtu wa kumpikia.

Sasa mchukue veterani wa Iraq mwenye miaka 42, ana mke na watoto watatu, presha imepanda, tumbo limetoka. Jikoni kuna sufuria na kuna mtu anayejua kuzitumia. Ukimletea milo iliyopikwa ya mtu mmoja, atakula peke yake kwenye kona ya meza huku watoto wakila piza, na baada ya wiki chache atarudi kwenye piza. Nyumba hii inahitaji kadi, tena pamoja na darasa la mapishi, ili sufuria moja iwalishe wote.

Yuko pia ambaye hana jiko kabisa: anaishi moteli, kwenye makazi ya muda, au amepewa nyumba juzi kupitia HUD-VASH, ule mpango wa kuwapangishia nyumba maveterani wasio na makazi. Ana kitanda na ufunguo, hana sufuria. Boksi la viazi na maboga kwa mtu huyu ni mzigo. Kabla ya kusaini chochote, hesabuni vilivyopo: jiko linalowaka, friji, friza yenye nafasi, maikrowevu, kisu kikali. Milo ya tiba mara nyingi huja imegandishwa ya wiki nzima, kwa hiyo asiye na friza naye huitupa.

Kupika si mikono tu, ni roho pia. Mwenye msongo wa baada ya vita au sonona anaweza kuwa na mikono mizima na asipate nguvu ya kumenya kitunguu. Watu wa nyumbani humwita mvivu. Si uvivu, na kumpa boksi lenye mboga asizozijua ni kumwongezea jambo jingine la kushindwa. Kwa yeye milo iliyopikwa ya miezi michache inaweza kuwa daraja, kisha darasa dogo la mapishi pamoja na maveterani wenzake likamrudisha jikoni. Kwa maoni yangu kundi lile ni nusu ya dawa.

Ugonjwa upi?

Hapa naomba umakini, kwa sababu chakula cha afya kwa mmoja kinaweza kumlaza mwingine hospitalini.

Kisukari na presha bila matatizo mengine: kadi inafaa, boksi linafaa, darasa linafaa. Jambo moja la hatari ni kwamba mtu anayechoma insulini au anayetumia vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, akibadilisha chakula ghafla bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mno. Dozi yake ilipangwa kwa chakula cha zamani. Mwarifu nesi au mfamasia wa VA kabla ya boksi la kwanza kufika, na apime mara nyingi zaidi wiki zile za mwanzo.

Figo: kaa mbali na boksi la bahati nasibu. Ndizi, viazi, nyanya, parachichi, machungwa, maharage na mchicha, vyote tunavyovisifia, vina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka hushindwa kuitoa. Ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Wapo tunaochemsha viazi na kumwaga maji ili kuipunguza, na inasaidia, lakini kiasi anachoruhusiwa mgonjwa hubadilika kufuatana na vipimo vyake. Anayesafishwa damu ana masharti tofauti na ambaye hajafika huko, hasa kwenye protini. Kwa ugonjwa huu milo ya tiba inazishinda njia nyingine waziwazi. Ikikosekana, kadi ni bora kuliko boksi, kwa sababu mwenye kadi anachagua mwenyewe akiwa na orodha ya mtaalamu wa lishe mkononi.

Moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri: adui ni chumvi, na chumvi nyingi haitoki kwenye kikopo cha mezani, imo kwenye vyakula vya viwandani. Mboga za kadi hazitasaidia kitu zikiungwa kwa vidonge vya mchuzi viwili. Hapa pia milo ya tiba ina nguvu, hasa wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali, wakati mgonjwa amechoka na kurudi wodini ni rahisi.

Dawa ya warfarini ya kuzuia damu isigande: sukuma wiki, mchicha na kabichi zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mtu haambiwi aache mboga. Anaambiwa ale kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Boksi linaloleta mafungu matatu ya majani wiki hii na maboga matupu wiki ijayo linamvuruga. Kadi au milo iliyopangwa ni salama zaidi, na kliniki inayopima damu yake iambiwe.

Na meno. Wazee wengi wana meno bandia yasiyokaa vizuri, na karoti mbichi ya afya inabaki kwenye sahani. Ulizeni kuhusu milo laini.

Ushahidi unasema nini

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliangalia programu za kuandikiwa matunda na mboga katika vituo 22 vya majimbo 12 ya Marekani, wagonjwa 3,881, watu wazima na watoto. Kiasi cha katikati kilikuwa dola 63 kwa mwezi, kwa miezi 4 hadi 10. Watu wazima waliongeza matunda na mboga, presha ikashuka, na sukari ya wenye kisukari ikapungua. Kasoro yake ni kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha: watu walipimwa kabla na baada, na mtu ambaye sukari yake iko juu sana leo mara nyingi hushuka kidogo hata bila kadi.

Kwa milo ya tiba, utafiti wa Massachusetts wa mwaka 2019 uliwalinganisha watu 499 walioipata na 521 waliofanana nao wasioipata. Walioipata walilazwa hospitalini kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao, na gharama za matibabu zilikuwa chini kwa takriban asilimia 16. Watu hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo tusiushike kama ushahidi wa mwisho, lakini tofauti ni kubwa na ilionekana kwa wenye maradhi mazito, wale wale niliosema wanaihitaji.

Upo na utafiti unaopoza moto, nao pia wa 2023. Wagonjwa 465 wa kisukari wasio na uhakika wa chakula waligawanywa kwa kura. Nusu walipewa mara moja vyakula vya kutosha milo 10 kwa wiki kwa familia nzima, pamoja na wataalamu wa lishe na nesi, na nusu wakaambiwa wangoje. Baada ya miezi sita kipimo cha wastani wa sukari kilishuka kwa pointi 1.5 kwa waliopata na 1.3 kwa waliongoja. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuihesabu kuwa kazi ya programu. Kumbuka kwamba walipewa viungo vya kupikia, kazi ya kupika ikabaki nyumbani.

Tafiti hizi zote hazikuwa za maveterani peke yao. Mimi nazisoma hivi: chakula husaidia pale kinapoziba pengo lililopo kweli, na milo iliyopikwa inaonyesha nguvu zaidi kwa waliodhoofika sana. Mtu asikuambie kadi itachukua nafasi ya dawa. Vidonge viendelee hadi daktari aseme vinginevyo.

Dukani na barabarani

Karibu robo ya maveterani wa Marekani wanaishi vijijini. Kadi isiyofanya kazi kwenye duka lililo umbali wa kuendesha gari ni plastiki tu, kwa hiyo ombeni orodha ya maduka kabla ya kukubali. Maduka ya vyakula vya Kiafrika mara nyingi hayamo kwenye mitandao hii. Hata hivyo maduka makubwa mengi yana sukuma wiki, bamia, kabichi, maharage ya kijani na viazi vitamu, na kwa hizo familia ya Kiswahili inapika bila shida. Mwenye kadi anapata chakula anachokitambua. Mwenye boksi anaweza kuletewa chipukizi za Brussels wiki tatu mfululizo, na hilo si dogo, kwa sababu chakula kisicholiwa hakitibu.

Wapo maveterani ambao duka lenyewe ni vita: kelele, watu wengi, milango nyuma ya mgongo. Ulizeni kama mke au mtunzaji anaweza kuitumia kadi badala yake, au kama inakubali kuagiza kwa simu. Kama haiwezekani, boksi la mlangoni linapanda daraja.

Wengine nyumbani, na siku kitakapokwisha

Kadi hutolewa kwa jina la mgonjwa lakini mboga huingia sufuria ya wote, na sioni ubaya wowote. Mama wa watoto watatu hatamnyima mtoto tofaa kwa sababu limeandikwa na daktari. Ila ina maana dola zile zinagawanyika, kwa hiyo familia kubwa iulize kama kiasi kinaongezwa kwa idadi ya watu. Milo ya tiba ni ya mtu mmoja kwa kawaida, ingawa baadhi ya mashirika humpa na mtunzaji.

Muda ndio unaoniudhi zaidi. Kisukari ni cha maisha, programu ni ya miezi. Tangu siku ya kwanza mwulize ofisa ustawi wa jamii wa VA: baada ya hapa, nini? Jibu moja ni SNAP, msaada wa chakula wa serikali, unaotumiwa na maveterani zaidi ya milioni moja na ambao hauna tarehe ya majaribio kuisha. Lakini masharti yamebadilika. Msamaha wa sharti la kazi uliowekwa kwa maveterani mwaka 2023 umeondolewa na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025, na umri unaohusika umepandishwa hadi 64. Kwa ufupi, asiye na mtoto mdogo na anayehesabiwa kuwa mzima wa mwili hutakiwa kuonyesha saa 80 za kazi, mafunzo au kujitolea kwa mwezi. Anayepokea fidia ya ulemavu ya VA apeleke barua yake ofisi ya SNAP, maana ulemavu bado ni njia ya kusamehewa. Msingoje barua ya kukatwa ifike kwanza.

Mimi ningechagua hivi

Mtu wa figo, wa moyo dhaifu au aliyetoka wodini wiki hii: milo ya tiba, na nisipoipata VA ningetafuta shirika la mjini kwetu linaloitoa. Familia yenye mpishi na kisukari au presha ya kawaida: kadi na darasa pamoja. Mzee anayeishi peke yake asiye na masharti magumu ya chakula: Meals on Wheels, kwa sababu mleta chakula ndiye atakayegundua siku mlango usipofunguliwa. Boksi ningelichukua kwa mtu mwenye jiko, asiye na gari, asiyetumia warfarini na asiye na tatizo la figo. Darasa ningemwandikisha kila anayeweza kuketi mbele ya simu.

Pa kuanzia ni pamoja kwa wote. Veterani awe ameandikishwa kwenye huduma ya afya ya VA, fomu yake ni 10-10EZ, na kulipwa fidia ya ulemavu si sawa na kuandikishwa huko, ni mambo mawili. Kisha aombe kwa daktari wake wa kawaida rufaa ya kumwona mtaalamu wa lishe, na aulize hospitali yake ina njia ipi kati ya hizi, kwa kuwa hazifanani mji hadi mji. Akiulizwa kama chakula huisha nyumbani, asijibu kijeshi kwamba hana shida. Wewe uliyemsindikiza, kama unajua kuna wiki anakula mkate na chai hadi malipo yaingie, sema pale pale mbele yake, kwa heshima: "Mzee, niruhusu nimweleze daktari." Kwa kuwa swali hilo la nesi ndilo linalofungua rufaa, na akijibu "hapana" faili hufungwa kwa siku hiyo.

Nendeni na orodha ya dawa zake zote, na picha mbili kwenye simu: ndani ya friji na juu ya jiko. Mtaalamu wa lishe atazielewa haraka kuliko maelezo ya nusu saa.